Slaidi ya ateri huharibikia mezani

Ukiletewa slaidi ya ateri ya moyo na kuambiwa mshipa umeziba kwa asilimia 80, uliza kwanza ulikatwaje. Makosa makubwa katika utafiti wa tishu za moyo na ateri hufanyika kabla hadubini haijawashwa: kwenye ubao wa kukatia, kwenye chupa ya formalini (dawa ya kuhifadhi tishu), ndani ya asidi ya kuyeyusha chokaa. Kosa likishaingia hapo, hakuna rangi wala programu ya kompyuta itakayoliondoa.

Tuanze na ateri zenyewe. Hukatwa kwa upana, vipande vya takriban milimita 3, kwa kisu kikali na kwa pembe ya mraba dhidi ya mhimili wa mshipa. Bado wapo wanaoipasua ateri kwa urefu kwa kutumia mkasi, na mimi sioni sababu ya kuendelea na mtindo huo. Ncha ya mkasi husukuma bonge la damu kutoka mahali pake, hukwangua utando wa ndani, na baada ya hapo huwezi kupima kipenyo cha uwazi kwa sababu uwazi wenyewe haupo tena. Kukata mshazari nako kuna hasara yake: mduara hugeuka yai, ukuta huonekana mnene kuliko ulivyo, na plaki, yaani utando wa mafuta na chokaa uliojijenga ukutani mwa mshipa, hunenepa bila kosa lake.

Nafasi ya milimita 3 ina sababu. Plaki haikai sawasawa kwenye mshipa, na mahali ilipopasuka panaweza kuwa padogo sana. Ukiruka sentimita moja, unaweza kupita juu ya tukio lililomuua mtu na kuandika kwamba hakuna bonge lililoonekana.

Ateri yenye chokaa nyingi isikatwe ikiwa ngumu. Itoe nzima kutoka juu ya moyo pamoja na mafuta yanayoizunguka, ikae kwenye formalini mpaka iive vizuri, iyeyushwe chokaa, ndipo ukate. Ukilazimisha kisu, bamba la chokaa litavunjika na kuchana kifuniko cha plaki, kisha kwenye slaidi utaona mpasuko ambao ni wa kisu chako. Namna ya kuutofautisha na mpasuko wa kweli ni kutazama kingo. Penye mpasuko wa kweli kuna fibrini (nyuzi za kugandisha damu) na chembe sahani zilizoshikamana na kingo, na mara nyingi damu imeingia ndani ya kiini kilichokufa cha plaki. Mpasuko wa kisu una kingo safi, na ndani yake hamna kitu.

Kuyeyusha chokaa ni biashara ya kubadilishana muda na ubora. Asidi kali kama ya nitriki au ya hidrokloriki humaliza kazi upesi, ila viini vya seli hupauka na havishiki rangi ya hematoksilini, na DNA huharibika. Asidi ya fomiki iko katikati. EDTA, kemikali inayovuta kalsiamu, yenye pH karibu na 7.2 hadi 7.4 huchukua siku kadhaa hata wiki, lakini huiacha tishu katika hali inayofaa kwa upakaji wa kingamwili na kwa vipimo vya molekuli. Badilisha mchanganyiko mara kwa mara, kwani EDTA iliyokwisha kushiba kalsiamu haivuti tena. Kujua kama chokaa imekwisha, piga eksirei. Kuchoma kwa sindano kunaacha matundu ambayo mtu mwingine atakuja kuyatolea maelezo. Na kama swali la utafiti wako ni chokaa yenyewe, piga picha ya eksirei kabla ya kuanza na utenge vipande visivyoguswa na asidi; rangi ya Von Kossa au Alizarini haiwezi kuonyesha kitu ambacho umekwisha kukiyeyusha.

Sasa hizo asilimia. Kwenye mduara, kupungua kwa kipenyo kwa nusu ni sawa na kupungua kwa eneo kwa asilimia 75. Mwanapatholojia huzungumza kwa eneo, daktari anayesoma picha za mishipa huzungumza kwa kipenyo, na makala zinazochanganya viwili hivyo bila kusema ni nyingi kuliko inavyopaswa. Tena picha ya mshipa hulinganisha sehemu iliyobana na sehemu ya jirani, ambayo huenda nayo ni gonjwa. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake walionyesha kwamba ateri hutanuka kwa nje kadiri plaki inavyokua, kiasi kwamba uwazi haupungui sana mpaka plaki ichukue karibu asilimia 40 ya eneo lililo ndani ya utando nyumbufu wa ndani. Kwa hiyo kizio cha kupimia ni utando huo. Usitumie uwazi wa kipande cha jirani.

Shida ni kwamba ateri isiyo na shinikizo ndani yake hunywea, na utando nyumbufu hujikunja mawimbi mawimbi. Dawa bora ni kupitisha formalini ndani ya mshipa kwa shinikizo la takriban milimita 100 za zebaki, ugande ukiwa wazi kama ulivyokuwa ukifanya kazi. Kama nafasi hiyo imeshapita, fuata mzingo wa utando kwa kalamu ya kompyuta upate urefu wake, uzidishe urefu huo kwa wenyewe, kisha ugawe kwa pai mara nne. Hilo ndilo eneo la mduara ambalo mshipa ungekuwa nalo ukijaa. Si kamili, kwa sababu inachukulia kwamba mshipa ni mviringo, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko kupima kitu kilichokunjamana.

Kifuniko cha plaki kina namba yake maarufu: mikromita 65. Chini ya hapo, penye kiini kikubwa kilichokufa na makrofeji (seli za kinga zinazomeza uchafu) ndani ya kifuniko, plaki huhesabiwa kuwa katika hatari ya kupasuka. Namba hiyo ilitokana na vifuniko vilivyokwisha kupasuka, vilivyopimwa kwenye slaidi, yaani kwenye tishu iliyopita kwenye alkoholi na nta na kunywea njiani. Anayeihamishia moja kwa moja kwenye picha zinazopigwa ndani ya mshipa wa mtu aliye hai afanye hivyo kwa tahadhari. Pima penye wembamba zaidi, na usiridhike na kipande kimoja. Tena si kila bonge linatokana na mpasuko. Kuna plaki zinazochubuka tu: seli za endothelia, zinazofunika uso wa ndani wa mshipa, zimetoweka, chini yake kuna misuli laini na proteoglikani, kifuniko kizima, na bonge limekaa juu. Huonekana zaidi kwa wanawake wa umri wa chini na kwa wavutaji sigara. Anayetafuta mpasuko peke yake ataipita hali hii.

Mafuta hayaonekani kwenye slaidi ya kawaida. Alkoholi na zailini huyaosha, ukabaki na seli zenye mapovu na nyufa nyembamba kama sindano pale fuwele za kolesteroli zilipokuwa. Ukitaka kuyapaka Oil Red O, rangi ya mafuta, kata tishu iliyogandishwa kwa baridi. Na tahadhari moja kuhusu CD68, protini inayotumiwa kutambulisha makrofeji: seli za misuli laini ndani ya plaki zikishiba kolesteroli hupoteza aktini yake na huanza kuonyesha CD68. Kuandika kwamba kila seli yenye CD68 ni makrofeji ni kusema zaidi ya unachokijua.

Kwa moyo wenyewe, mambo ya mwanzo ni mepesi ila hupuuzwa. Toa mabonge ya damu kabla ya kuupima uzito. Pima unene wa ukuta wa ventrikali ya kushoto bila kuhesabu misuli ya papilari wala vijiti vya ndani. Wa kawaida kwa mtu mzima ni takriban sentimita 1.2 hadi 1.5. Formalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu, na moyo usitumbukizwe mzima bila kufunguliwa, kwani formalini hupenya polepole na katikati ya ukuta mnene itaoza kabla haijafikiwa.

Penye shaka ya mshtuko wa moyo wa karibuni, kata vipande vya unene wa sentimita 1 kuanzia nchani, vikiwa vibichi, uviweke kwenye TTC (kemikali inayobadilika rangi penye misuli hai) ya asilimia 1 yenye joto la nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 20. Misuli hai ina vimeng'enya vya dihidrojenasi vinavyoigeuza TTC kuwa nyekundu kama tofali. Iliyokufa hubaki imepauka. Kovu la zamani nalo halishiki rangi, ila ni jeupe na gumu. Ukishaweka formalini, kipimo hiki hakipo tena. Na katika saa chache za kwanza hakitakuonyesha kitu, kwa sababu vimeng'enya havijavuja bado.

Kukadiria umri wa jeraha ndiko penye ubishi mwingi. Nyuzi zenye mawimbi huweza kuonekana katika saa za mwanzo, lakini hutokea pia kwa kukata vibaya, hivyo peke yake si ushahidi. Nutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, huongezeka kati ya saa 12 na 24 na kufika kilele siku ya kwanza hadi ya tatu. Makrofeji hutawala siku ya tatu hadi ya saba, wakati ukuta ni laini na ndipo hupasuka. Tishu changa yenye kapilari huja kuanzia wiki ya pili, na kolajeni hukomaa kuelekea mwezi wa pili. Jeraha kubwa huponea pembeni. Katikati yake panaweza kubaki na misuli iliyokufa kwa wiki kadhaa, kana kwamba ni ya juzi. Chukua sampuli kutoka mpakani. Damu ikirudishwa kwa dawa au kwa puto, ratiba yote huharakishwa, na utaona mistari minene ya mkazo kwenye nyuzi pamoja na damu iliyovuja.

Mistari hiyohiyo ya mkazo hutokea kwenye biopsi, yaani vipande vidogo vinavyotolewa kwa mtu aliye hai, kwa sababu tu misuli imebanwa ikiwa hai. Tumia formalini ya joto la chumba, kwani ya baridi huizidisha, na usiishike tishu kwa koleo lenye meno. Chukua vipande visivyopungua vitano. Miokarditi, yaani uvimbe wa misuli ya moyo, hukaa kwa madoa, na kipande kimoja kisicho na seli za uvimbe hakikanushi chochote.

Kupima kovu kwa picha za kompyuta kunahitaji unene uleule wa slaidi, rangi zote zipakwe kwa mkupuo mmoja, na anayepima asijue sampuli ni ya kundi gani. Rangi ya kolajeni ya Picrosirius hutoa mpaka ulio wazi kuliko rangi ya Masson, ambayo samawati yake hubadilika kutoka mkupuo hadi mkupuo. Kolajeni inayozunguka mishipa ihesabiwe peke yake. Ukiichanganya na iliyo kati ya nyuzi, uwanja wenye ateri moja kubwa utakupa ugonjwa ambao haupo.