Siku Moja Maishani Mwangu: Prosesa Iliyokataa Kukimbia

Ninaishi Likoni, na karakana yangu ya kutengeneza kompyuta iko Mwembe Tayari, kwa hivyo siku yangu huanza kivukoni. Jumanne iliyopita nilivuka kwa feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikala mahamri kwa mbaazi njiani, na kufikia saa mbili nilikuwa nimeshafungua mlango.

Kazi ya kwanza ilikuwa kiporo cha jana. Mama mmoja wa Kibokoni alikuwa ameniletea kompyuta ya mezani ambayo kijana wake huitumia kuhariri video za harusi, akilalamika kwamba kazi iliyokuwa ikimalizika kwa saa moja sasa inakula saa mbili na zaidi. Fundi mwingine alikuwa amemwambia kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imezeeka, anunue nyingine. Ushauri huo sikuukubali. Prosesa haizeeki kama goti. Ikiwa nzima hukimbia mwendo uleule wa siku ya kwanza, na ikipunguza mwendo basi kipo kilichoiamuru ipunguze.

Saa mbili na nusu niliiwasha. Ndani mlikuwa na Intel Core i5-3470, prosesa ya mwaka 2012 yenye viini vinne, yaani vitengo vinne vya kufanyia kazi, ambayo mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 3.2 na ikipata nafasi hupanda hadi 3.6. Skrini ilionyesha 1.6. Hapo ndipo wateja wengi hushtuka bure, kwani mwendo hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi, ambayo ni megahezi 100, na prosesa isiyo na kazi hushusha kizidishi chake hadi 16 ili kuokoa umeme. Kuipima ikiwa imekaa tu ni sawa na kumhukumu hamali wa Marikiti kwa kumtazama amejinyoosha juu ya mkokoteni wake saa saba mchana. Kwa hivyo niliibebesha mzigo, nikafungua programu inayovifanyisha viini vyote vinne kazi kwa pamoja. Ikabaki 1.6 vilevile, na joto lake nyuzi 58 tu.

Joto hilo la chini ndilo lililonifikirisha. Ingekuwa prosesa inajipunguza kwa kuungua, ningekuta nyuzi zimekaribia mia. Nilipitia mipangilio ya biosi, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, nisione kasoro, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, na humo nikakuta kikomo cha juu cha prosesa kimewekwa asilimia 50. Nusu ya 3.2 ni 1.6. Nikakirudisha hadi 100, na papo hapo mwendo ukaruka kufikia 3.4.

Fundi mwenye haraka angempigia mteja simu wakati huo aje achukue mali yake, na nakiri kwamba nami nilishaishika simu. Hata hivyo niliuacha mzigo uendelee, na katika dakika ya tatu joto likapita nyuzi 100, feni ikavuma, na mwendo ukaanza kupanda na kushuka. Kumbe ile asilimia 50 ilikuwa plasta juu ya kidonda. Nilimpigia kijana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyeipunguza prosesa?"

"Ni mimi. Feni ilikuwa ikipiga kelele kama mashine ya posho, nikaweka hamsini, kelele ikaisha."

Saa sita kasorobo stima ikapotea mtaa mzima. Niliutumia muda huo kuifungua kompyuta mlangoni, penye mwanga. Kipoza joto cha prosesa hiyo hushikiliwa na pini nne za plastiki, na moja ilikuwa imechomoka, kwa hivyo kipoza kilikaa upande upande na sehemu ya prosesa haikuguswa ipasavyo. Pesti iliyo kati yao, ile ya kupitisha joto kutoka prosesa hadi kipoza, ilikuwa imekauka kama chokaa, na vumbi, kwa unyevu wa pwani yetu, lilikuwa limegandamana katikati ya mapezi ya alumini hata upepo haupenyi. Nilisugua vumbi kwa brashi, nikapangusa pesti kuukuu kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi, kisha nikazibana pini kwa mshazari, baada ya kuitoa bodi nzima iliyobeba prosesa ili nione kwa nyuma kama zote zimeingia. Wengi huiruka hatua hii ya kuitoa bodi, na pini iliyoingia nusu ikitazamwa kwa juu hufanana kabisa na iliyoingia sawasawa.

Stima ilirudi saa saba na dakika ishirini. Nilihudumia wateja wawili wa printa, huku kompyuta ikikimbia mzigo wake kwa nusu saa nzima: 3.4 bila kuyumba, nyuzi 76.

Saa kumi niliipeleka mwenyewe Kibokoni, kwa kuwa mwezi huu wa kaskazi chumba chenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Nilikuta kompyuta hukaa ndani ya kabati lililozibwa nyuma, na juu yake hutandikwa kitambaa cha kufuma kinachofunika matundu ya hewa. Tulipoijaribu humo, joto lilifika nyuzi 90 kwa dakika ishirini. Tuliihamishia juu ya stuli, mbali na ukuta. Mama hakupendezwa.

"Na vumbi je, mwanangu?"

"Kitambaa kitandike ikiwa imezimwa, mama. Ikiwashwa kitoke."

Nilipokuwa kwenye foleni ya feri, saa moja kasoro, kijana alinitumia ujumbe: harusi ya Jumamosi ilikuwa imemalizika kwa dakika hamsini na tano, na mama yake ameshakihamishia kile kitambaa juu ya printa.