Nimejifunza Upya Kushuka Kwenye Baiskeli

Mwaka niliotimiza miaka 66 nilianguka na baiskeli ikiwa imekwisha kusimama. Sikugongwa na mtu wala sikuteleza kwenye kona. Nilikuwa nimefika kwenye benchi lililo kando ya njia ya pamoja, ile inayotumiwa na waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, nikashika breki, nikainua mguu wa kulia niuvushe juu ya kiti kama nilivyozoea tangu utotoni, na kisigino kikanasa. Baiskeli ililala upande wa kushoto, nami nikalala juu yake. Kiwiko kilichubuka kidogo tu, lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko kidonda, kwa kuwa kwenye benchi lenyewe walikuwa wamekaa vijana wawili walioshuhudia jambo lote tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuogopa mwendo wa kasi peke yake. Sisi wa umri huu tunaanguka zaidi pale baiskeli inapokaribia kusimama: wakati wa kupanda, wa kushuka, wa kugeuka mahali pembamba na wa kutazama nyuma. Baiskeli inayokwenda polepole haisimami wima kwa nguvu zake yenyewe, bali mwendeshaji huielekeza kila mara kule inakotaka kuangukia, na kadiri inavyokwenda polepole ndivyo usukani unavyohitaji kuchezeshwa zaidi. Kijana hufanya hivyo bila kujua, ilhali mwili wenye nyonga zilizokakamaa na masikio yasiyotunza tena mizani kama zamani huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kidogo kunatosha kumlaza mtu chini.

Kwa hiyo nilibadilisha baiskeli kabla ya kubadilisha tabia. Ninayotumia sasa haina bomba la juu linalokatiza kati ya kiti na usukani. Mguu unapita katikati, chini, bila kurushwa nyuma. Kiti nimekishusha. Najua wenye ujuzi husema kiwe juu kiasi cha mguu kukaribia kunyooka pedali inapokuwa chini kabisa, na wana haki, kwa sababu kiti kilicho chini mno huchosha magoti. Hata hivyo nimechagua kupoteza nguvu kidogo ili nikiwa nimekaa ncha za miguu yote miwili zifike ardhini. Halafu kuna gia: naiweka nyepesi kabla sijasimama, si baada ya kusimama, maana kuondoka na gia nzito ndiko kunakomfanya mtu ayumbe mita tatu za kwanza, na mita hizo tatu aghalabu zina watu.

Watu hao ndio jambo la pili. Kwenye barabara ya magari mwendesha baiskeli ndiye mnyonge, lakini kwenye njia ya pamoja mambo yanageuka na mnyonge ni yule anayetembea. Nimepiga hesabu rahisi inayonisaidia kujizuia. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa baiskeli hupita zaidi ya mita tano na nusu kila sekunde. Nikichukua sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kubana breki, nimekwisha kupita mita nane kabla breki haijaanza kazi. Kwa kilomita 12 mita hizo huwa tano, na nguvu ya mgongano hupungua hadi karibu theluthi moja. Mtembeaji wa kawaida huenda kilomita tano hivi kwa saa, nami ninapompita napunguza mwendo mpaka nikaribie wake. Pakiwa pembamba, nashuka na kukokota, na sioni haya.

Kengele nayo ina mambo yake. Nilidhani kupiga kengele ni ustaarabu uliokamilika, mpaka siku nilipoipiga nyuma ya bwana mmoja mwenye mkongojo, naye akageuka kunitazama, na katika kugeuka akaingia moja kwa moja mbele ya gurudumu langu. Nilisimama kwa bahati. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliipiga nikiwa karibu mno. Uzee huanza kuziba sauti nyembamba, na kengele nyingi za baiskeli hulia kwa sauti hiyohiyo, hivyo mzee anayetembea anaweza asisikie kabisa au akasikia mlio usio na upande. Siku hizi naipiga mara moja nikiwa bado mbali, mita 20 au zaidi, kisha nikikaribia natumia sauti yangu: "Samahani, mzee, napita upande wako wa kulia." Sauti ya mtu humweleza msikiaji aliko msemaji. Asipojibu, nahesabu kwamba hajasikia, na namfuata nyuma taratibu hadi aniachie nafasi.

Mbwa na watoto wadogo sijapata kanuni yao, zaidi ya kudhani kwamba watavuka. Kamba ya mbwa ndiyo hatari yenyewe: mwenye mbwa yuko ukingo huu, mbwa yuko ukingo ule, na katikati kuna uzi mwembamba ambao macho yangu hayauoni, hasa ninapotoka kwenye jua na kuingia kivulini, kwa kuwa macho ya wazee huchukua muda kuzoea giza. Miwani yangu ya kuonea mbali na karibu nayo hufifisha ardhi iliyo mbele ya gurudumu, kwa hiyo naendesha na ile ya mbali pekee. Na kwa vile shingo haigeuki tena ipasavyo bila usukani kuifuata, nimefunga kioo kidogo upande ninaoutumia kupita wengine.

Wengine wa rika langu wamehamia kwenye baiskeli za umeme, nami siwalaumu, kwani kilima na upepo hukatisha tamaa. Wazijue tu kwanza mahali peupe. Nyingi zina uzito wa kilo 20 na zaidi, na baadhi husukuma ghafla mara tu pedali inapoguswa, kwa hiyo anayesubiri amesimama na mguu juu ya pedali anaweza kurushwa mbele bila kutaka.

Kofia ngumu navaa hata kwa safari fupi, ikiwa imekaa bapa, vidole viwili juu ya nyusi, na siyo imerudi kisogoni. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ningeongeza jambo moja: akigonga kichwa, hata bila jeraha, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani huku yeye akijiona mzima.

Benchi lile bado napumzikia. Nikilikaribia gia inakuwa nyepesi tayari, natua mguu wa kushoto, nailaza baiskeli kidogo upande huohuo, napitisha wa kulia katikati, na breki siiachii mpaka miguu yote miwili iwe ardhini.