Kumi na Moja Toa Sita

Mtoto wetu mdogo amerudi na karatasi ya shule yenye mti mtupu wa ukoo. Kila tawi lina kiboksi, na kila kiboksi kinasubiri jina. Chini yumo yeye, juu yake sisi, juu yetu mabibi na mababu, kisha ngazi moja tu zaidi na mti unagota kwenye ukingo wa karatasi. Nikamwambia kwetu karatasi inaweza kuisha lakini maneno hayaishi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kinying'inya. Hilo la mwisho limemkolea. Siku ya pili leo anazunguka nyumba akijitangaza kuwa kinying'inya, na ng' yake bado inamtoa jasho.

"Kinying'inya wa nani sasa?" akaja kuuliza.

Nikamwambia. Akachora kiboksi cha ziada juu ya mti, nje ya mstari, akashuka kwenye swali la chini ya karatasi. "Alikuwa na watoto wangapi?"

Nikasema nina sufuria jikoni.

Jibu ninalo. Tatizo ninayo matatu.

Aliyeyaanza ni mama mkwe, ninayemwita Mama tu. Hii ilikuwa 2022. Marekani majina ya sensa hufungiwa miaka 72, kwa hiyo ya mwaka 1950 ilifunguliwa Aprili 1 mwaka ule, na Mama, aliyezaliwa 1948 kule Holmes County, Mississippi, alinipigia siku hiyohiyo. "Nitafutie mimi," akasema. "Nataka kuona kama serikali ilijua nipo." Ilimjua. Umri mwaka mmoja, mtoto wa tatu, jina la ukoo limekosewa herufi moja. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema rudi nyuma, nione mama yangu. Nikarudi 1940. Rudi tena. Nikarudi. Mume wangu akawa analala, mimi nimebaki na taa ya kompyuta usoni kama mtu mwenye mchepuko.

Julai tuliposhuka Mississippi nilikuwa nimeshafika kwa bibi mzaa bibi yake Mama. Jina lake sitaliandika, ndiyo masharti niliyopewa. Niseme tu lina herufi nane, na karani mmoja wa sensa aliliandika kwa sita. Mwingine naona alilisikia akiwa juu ya farasi, ng'ambo ya shamba.

Sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliotoka utumwani, inamkuta ana miaka 8. Zile za 1850 na 1860 zina daftari la peke yake la watumwa, lenye jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi, basi. Humo mama yake ni tarakimu mojawapo kati ya tarakimu nyingi, sikuweza kumchagua. Mwaka 1880 ana miaka 17 na ndio kwanza ameolewa. 1900 ana miaka 38. 1910, miaka 45. 1920, miaka 60. Yaani miaka kumi ya kwanza aliongeza saba, kumi iliyofuata akafidia kwa kuongeza kumi na tano. Sikumcheka. Bibi yangu wa Kunduchi, Dar es Salaam, alikufa na tarehe ya kuzaliwa aliyobuniwa na kijana wa vitambulisho, na alivyoipenda! Alikuwa akiitaja kwa majivuno, hasa mbele ya majirani wasiokuwa nayo.

Karatasi ya 1900 ndiyo iliyonikalisha.

Fomu ya mwaka ule ilikuwa na safu nyingi, na karani alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa daktari yeyote ninayemjua. Rangi: B, yaani mweusi. Mwezi wa kuzaliwa: Machi. Ameolewa miaka 20. Kusoma, hapana. Kuandika, hapana. Nyumba ni ya kupanga, shamba pia. Na katikati ya hayo, visafu viwili vyembamba vinavyofuatana, vya wanawake peke yao. Mama wa watoto wangapi: 11. Kati yao walio hai: 6.

Sita hao wamepangwa chini yake, kuanzia wa miaka 18 hadi wa mwaka mmoja. Majina yote Mama anayajua, ni wajomba na mashangazi wa mama yake, na mmoja ndiye bibi yake mwenyewe.

Watano nikaanza kuwatafuta. Huwezi kuwapata, na sababu ni ya kipuuzi sana. Mississippi haikuandikisha vizazi wala vifo hadi Novemba 1912. Sensa ya 1880 ilipita kabla hawajazaliwa. Ile ya 1890 ndiyo pekee ambayo ingewakuta baadhi yao wakiwa hai, na Januari 1921 ilishika moto chini ya jengo la Wizara ya Biashara, Washington. Moto ulikula sehemu, maji ya zimamoto yakaharibu nyingine, na miaka ya 1930 wakubwa wakaamua mabaki yatupwe. Kati ya watu zaidi ya milioni 62, yamesalimika majina elfu sita na ushei. Watoto wale watano wamezaliwa na kufa ndani ya shimo hilo. Ushahidi kwamba waliwahi kuvuta pumzi ni hesabu ya kutoa ya darasa la kwanza.

Nilimwonyesha Mama mezani. Alikuwa akiambua kunde, zile za maganda ya zambarau, vidole vimeshika rangi. Alivaa miwani, akasoma safu ile, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Kisha akaanza kutaja watoto, mmoja kwa kidole. Majina sita, akaishia kwenye kidole gumba cha mkono wa pili. Akakitazama kile kidole gumba.

"Nani alimwambia karani?" akauliza.

Sikuelewa.

"Hayo ya kumi na moja. Alisema mwenyewe, au mumewe? Au jirani?"

Fomu ya 1900 haikuandika nani kajibu. Alama ya kuonyesha aliyejibu ilianza 1940. Nilimweleza hivyo, nikijiona mtaalamu, na yeye akarudi kwenye kunde zake bila neno. Nikaona nimeharibu. Mtu umeolewa, umekuja kutoka ng'ambo, unamfukulia mwenzio wafu wake mezani anapoandaa chakula.

Kesho yake alfajiri akagonga mlango wa chumba chetu. "Vaa suruali ndefu. Tia miguu ndani ya soksi."

Alinipaka unga wa salfa kwenye vifundo vya miguu, dawa ya wadudu wa nyasi, tukanuka kama kiberiti kilichowashwa. Tukaendesha upande wa mashariki wa kaunti, kwenye vilima, mbali na ile nchi tambarare ya pamba. Barabara ya kokoto. Kudzu, mmea unaotambaa, imefunika miti, nguzo za simu, na banda la mtu, kila kitu kimevaa kanzu ya majani. Kanisa lao ni dogo, limepakwa rangi upya. Mbele yake makaburi ya siku hizi, mawe ya granaiti na maua ya plastiki. Hakusimama hapo. Alipita moja kwa moja hadi nyuma, chini ya mierezi, akasimama pale mwisho wa nyasi zilizofyekwa.

"Tulipokuwa wadogo," akasema, "tulikatazwa kukanyaga hapa. Hatukuambiwa kwa nini."

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha jicho likazoea kivuli. Ardhi ilikuwa imebonyea, hapa na pale, kama mto wa kulalia ambao mtu ameinuka sasa hivi. Mabonde mafupi, urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, labda na kidogo. Hakuna jiwe. Baadhi yalikuwa na yuka kichwani, mmea wenye majani ya kuchoma kama mkonge uliodumaa. Moja lilikuwa na kombe kubwa la baharini, limegeuka jeupe kama mfupa, na bahari kutoka pale ni zaidi ya saa tatu kwa gari. Na kwenye lingine, nusu yake imemezwa na udongo, palikuwa na kikombe kisicho na mkono na kisahani kilichofunikwa.

Nilikaa chini. Nimekua nikicheza kwenye magofu ya Kunduchi. Makaburi ya pale yalichomekwa bakuli za Kichina ukutani, na nyingi zilichomolewa zamani, yamebaki matundu ya duara yanayokutazama. Najua watu wa Mississippi hawakutoka Kunduchi, wao waliletwa kutoka magharibi mwa bara, sikuwa natafuta undugu wa kulazimisha. Lakini chombo cha marehemu juu ya kaburi lake hakikuhitaji kutafsiriwa.

Nikanyoosha kidole nianze kuhesabu.

Mama alinipiga mkono, paa! Kofi la kweli, la mtoto mtukutu.

"Usinyooshee kaburi kidole. Kitaoza."

Nilimtazama. Yale yale. Kabisa yale yale niliyokuwa nikiambiwa na Bibi pale Kunduchi, tena sisi ukijisahau ulitakiwa ukiume kidole kabla hujafika nyumbani. Na mimi, mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikakiweka kidole mdomoni nikakiuma. Mama akanikodolea macho. Kisha akaangua kicheko, akacheka ameshika mwerezi, na mimi nikacheka, na kwa dakika nzima wanawake wawili wanaonuka salfa walikuwa wakicheka juu ya watoto wa watu.

Tulipotulia tukahesabu kwa macho. Jaribuni siku moja kuhesabu mabonde ya ardhi bila kidole, jua linacheza kwenye majani na kivuli kinahama. Mama alipata manne. Mimi nikapata saba. Tukaanza upya, yeye kushoto, mimi kulia, tukitumia kidevu. Yeye matano, mimi sita. Lile refu kidogo ni kaburi au ni mzizi uliooza? Na nani alisema yote ni ya mwanamke mmoja? Kanisa lilikuwa la watu wengi, na kila nyumba ya zama zile ilikuwa na hesabu yake ya kutoa.

"Matano," Mama akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano. Akainama, akafuta udongo juu ya kisahani kwa kidole gumba chenye rangi ya kunde. Hakukigeuza. Nilitamani sana akigeuze.

Safari ya kurudi hatukuzungumza, ila alisimamisha gari dukani akanunua soda mbili, akanipa yenye baridi zaidi.

Usiku ule, badala ya kulala, nilifungua sensa ya 1910. Nayo iliuliza swali lilelile. Bibi yuleyule, mume yuleyule, wilaya ileile ya kaunti. Amezaa: 9. Walio hai: 6.

Nilisoma mara nyingi nikitumaini ile tisa ni kitu kingine. Ni tisa. Basi kwa mujibu wa serikali ya Marekani, ndani ya miaka kumi mwanamke yule alipunguza watoto wawili. Huenda karani alikosea. Huenda alijibiwa na jirani langoni. Au wawili walikuwa wa siku moja, na mwaka ule aliamua kutowataja tena kwa mgeni mwenye daftari. Nilifunga kompyuta. Mama sijamwambia hadi leo, na kama mume wangu anamsomea maandishi haya, tutajua.

Kwa hiyo nilipokimbilia sufuria jikoni, jueni nilikuwa nakimbia nini.

Mdogo hakungoja. Akachukua simu akampigia bibi yake mwenyewe, akaweka spika. Bibi akanyamaza kidogo, nikasikia kunde zikidondoka kwenye beseni, ndio msimu wake.

"Andika sita, mjukuu wangu," akasema. "Hao ndio wana majina."

Akakata. Haikupita robo saa, simu ikalia tena. Safari hii alinitaka mimi.

"Ameshaandika?"

"Sijui, Mama."

"Mwambie atumie penseli."

Nilikwenda chumbani. Alikuwa ameshaandika, kwa kalamu ya wino ya zambarau, na kaibonyeza hadi karatasi imeingia ndani: 11. Alikuwa amesikia kila kitu siku zote, kama watoto wanavyosikia. Pembeni ya kiboksi cha nje ya mstari ikabaki nafasi, akaijaza kwa neno lake jipya, herufi kubwa kubwa, akakosea: KINYINYINYA.

Anaiwasilisha Jumatatu.