Amplifaya ilikuwa inachemka hata bila muziki

Amplifaya yenyewe, ya kukuza sauti ya redio ya gari langu, ni ya zamani, zile nzito za aluminiamu zenye mapezi ya kupoozea mgongoni, chaneli mbili (njia mbili za sauti) nilizoziunganisha pamoja kusukuma sabufa moja. Ilikuwa inapiga vizuri kwa dakika 20 hivi, halafu kimya. Taa ya kijani inageuka nyekundu, nami nikishika mapezi nautoa mkono haraka. Robo saa baadaye inarudi yenyewe kama vile haijafanya kosa.

Nilianza na sabufa, maana kila niliyemuuliza alitaja sabufa. Nikachomoa waya zake nikapima ukinzani wake: omu 3.4. Spika ya omu 4 ikipimwa kwa mita ya umeme husoma chini kidogo ya hapo, kwa hiyo haina neno. Ingesoma 1.7 ningekuwa nimeshapata mwizi wangu, kwa sababu chaneli zikiunganishwa namna hiyo kila moja inabeba nusu ya omu za spika, na omu zikipungua mno amplifaya huchemka.

Nikahamia kwenye waya wa hasi. Hapa nilikuta aibu ya fundi fulani: boliti imekazwa juu ya rangi ya gari. Muziki ukiwa juu, niliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye tundu la hasi la amplifaya, nikapata volti 0.8. Hizo zote zinapotea njiani. Nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikakaza upya, ikashuka hadi 0.05. Besi ikapata nguvu nikasikia kabisa. Nikajipongeza. Kesho yake amplifaya ikazima baada ya dakika 25.

Nakiri kwamba wiki hiyo nilikaribia kununua feni. Ningeifunga na ningeongeza dakika kumi, na ugonjwa ungebaki palepale.

Kilichonifungua macho ni jaribio ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilichomoa waya za muziki zinazotoka kwenye redio, nikachomoa na za sabufa, nikaacha umeme tu. Kisha nikakaa. Baada ya dakika 15 upande wa kushoto wa mapezi ulikuwa vuguvugu, wa kulia hauguswi. Hakuna muziki, hakuna spika, na bado inachemka! Basi kosa liko ndani, tena liko upande mmoja tu.

Niliitoa nikaiweka mezani na betri, nikapitisha umeme kwenye mita ili nione inakunywa kiasi gani ikiwa imekaa tu. (Fyuzi ya mita niliiunguza kwanza. Kapasita za amplifaya, yaani vile vihifadhi umeme vyake, zikiwa tupu hunywa kwa pupa mara tu unapowasha, nami nilikuwa nimechomeka kwenye tundu la miliampea.) Kwenye tundu la ampea 10 nikasoma 3.2. Kwa volti 12.6 hizo ni wati 40. Pasi yangu ya kulehemu ni ya wati 40! Yaani ndani ya lile sanduku kulikuwa na pasi inayowaka saa zote.

Amplifaya za aina hii lazima zipitishe mkondo mdogo kwenye transista za kutolea sauti hata zikiwa kimya, la sivyo sauti ndogo inakwaruza. Mkondo huo hupangwa na rezista (kipingamizi cha umeme) ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, moja kila chaneli. Mchoro wa mtengenezaji sikuwa nao, lakini nilikuwa na upande wa kushoto, mzima, mbele ya macho yangu. Nikapima volti kwenye zile rezista nene nyeupe zilizo karibu na transista, za omu 0.22. Kushoto: milivolti 6. Kulia: 41.

Nilipoigusa ile rezista ya kuzungushwa ya kulia kwa bisibisi ya plastiki, bila hata kuizungusha, namba ikaruka hadi 60 ikarudi 9, ikapanda tena. Mguu wake wa katikati haukuwa unagusa vizuri, na ukiachia kugusa, transista zinafunguka zaidi ya inavyotakiwa.

Nikazima, nikamaliza umeme wa kapasita kubwa kwa rezista (usitumie bisibisi, cheche zake si mchezo), nikalehemu mpya. Kabla ya kuwasha niliizungusha mpaka upande wa mkondo mdogo kabisa, kisha nikapandisha taratibu hadi milivolti 6. Nikasubiri ipate joto, nikapima tena, nikarekebisha kidogo. Mkondo wote ukawa ampea 1.0.

Kwa kuwa ilikuwa wazi, nilifungua pia vibanio vya transista. Ile grisi nyeupe ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikawa chaki, inadondoka. Nikaifuta kwa spiriti, nikapaka mpya nyembamba pande zote mbili za maika (kile kipande chembamba kinachozuia umeme kati ya transista na aluminiamu), nikakaza. Kabla ya kuwasha nilihakikisha kwa mita kwamba hakuna transista inayogusana na aluminiamu.

Sasa inapiga safari nzima na kiganja kinakaa juu ya mapezi. Rezista ya kushoto nayo niliibadilisha wiki iliyofuata, ingawa haikuwa na kosa. Zilikuwa za umri mmoja.