Lewisia ukutani: hatimaye shingo haikuoza

Imevuka majira ya baridi! Lewisia cotyledon, mmea mdogo wa maua wenye majani manene, niliyoipanda ubavu katika ufa wa ukuta wa mawe imetoka salama. Majani ni manene, shingo, yaani pale majani yanapokutana na mzizi, ni ngumu ukiibonyeza, na katikati ya shada la majani vikonyo vya maua vimeanza kuchomoza. Zile za kwenye tuta, za mbegu zile zile na udongo ule ule, nyingi zimeoza.

Aliyewahi kuipanda anaujua uchungu huu. Baridi haiiui. Kwao ni milima ya Klamath na Siskiyou, mpakani mwa Oregon na California, Marekani, na theluji si jambo geni huko. Kinachoiua ni maji yanayotuama hapo shingoni. Leo shada linang'aa, baada ya siku chache majani ya chini yamelegea, kisha unaligusa tu linabaki mkononi. Ukifukua, mzizi ule mnene uliojaa akiba bado ni mzima kabisa! Hilo ndilo linalonikera kuliko yote: mmea una nguvu ya kuishi miaka, lakini unakatika shingoni.

Nimehangaika na mchanganyiko wa udongo msimu baada ya msimu. Nimepunguza mboji, nimeongeza pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye matundu), nimeongeza changarawe mpaka tuta likawa karibu mawe matupu. Nimezungushia shingo kola nene ya kokoto. Kola inasaidia na siiachi, ila mvua ikishinda inanyesha kutwa kucha juu ya tuta bapa, haitoshi. Shada la cotyledon lina umbo la bakuli, na bakuli lililotazama juu hujaa. Porini mmea huu hukaa kwenye nyufa za majabali na miteremko ya mawe, mahali ambapo tone likianguka linateremka na kwenda zake. Kwa hiyo mwinamo wa mmea una uzito kuliko udongo, na sasa nalisema hilo bila kusita.

Upandaji wenyewe ufanywe ukuta ukiwa unajengwa. Kuusukuma mzizi ndani ya ufa uliokwisha kufungwa ni kuuvunja. Niliosha udongo wote wa kitalu ukatoka, nikalaza mzizi juu ya jiwe la chini, nikajaza pumisi na mchanga wa chembe kubwa, nikaweka jiwe la juu, kisha nikabana vijiwe kuzunguka shingo. Ufa uinamie ndani kidogo, ili mvua ifuate mzizi. Nimechagua upande usiochomwa na jua la mchana.

Kuhusu vifaa: koleo la mkono halina kazi hapa. Kijiti cha mianzi kilichochongwa ncha butu kinashindilia mchanga kati ya mizizi bila kuijeruhi. Na chekeche la waya ni la lazima, kwa sababu vumbi la pumisi ndilo linaloziba njia za hewa. Watu wanabishana juu ya aina ya changarawe huku hawaichekechi!

Mpango ulikuwa kuhamishia ukutani zote zilizosalia tutani. Umesimama, kwa sababu nimepata mbegu za Lewisia rediviva, ndugu yake. Mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis aliikusanya mwaka 1806 katika bonde la Bitterroot, Montana, na sampuli yake iliyokaushwa ilifika Philadelphia ikiwa bado na uhai, ikapandwa, ikachipua. Mtaalamu wa mimea Frederick Pursh akaipa jenasi nzima, yaani kundi lote la mimea hii, jina la Lewis. Mmea wenye mzizi wa namna hiyo siwezi kuuacha usubiri.

Ila tabia yake ni nyingine. Majani hunyauka wakati wa kuchanua, kisha mmea hulala kiangazi chote, na wakati huo unataka ukavu. Ukuta hauwezi kunihakikishia hilo, kwa hiyo natengeneza tuta la mchanga chini ya kioo. Mbegu nimezichanganya na mchanga wenye unyevu kidogo, ziko kwenye friji, nazikagua mara kwa mara kwa kuwa huweza kuota humo humo baridini. Kioo kitainuliwa juu ya matofali, pande zote wazi, maana hewa ikikwama ukungu wa kijivu huanzia kwenye majani yanayokufa. Za tutani nitazihamisha mvua zikikatika. Kwa sasa nimezifunika kila moja kwa kigae kilichoegemezwa.