Siku moja katika chumba cha dawa cha shule ya bweni

Mimi ni muuguzi wa shule ya sekondari ya wasichana ya bweni mkoani Njombe. Wazazi wengi wanaamini kwamba kazi yangu ni kugawa Panadol, na wanafunzi wengi wanaamini kwamba kazi yangu ni kuwanyang'anya dawa walizotoka nazo nyumbani. Ninaandika kuhusu Jumatano moja ya mwezi Julai, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, ili wanaotuona kwa mbali wajue kwa nini kabati la dawa lina kufuli.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi

Kabla ya kengele ya uji huja wanafunzi wenye dawa za kudumu: wa kifafa, wa selimundu, na wale wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nimewapangia wote wakati mmoja kwa makusudi, na nimewachanganya na wanaomeza vidonge vya kuongeza damu, ili anayepita nje asiweze kukisia nani amefuata nini. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, lakini bweni la vitanda vya ghorofa halina siri, na mtoto anayeogopa kuonekana na kopo lake hulificha ndani ya godoro, kisha siku ya ukaguzi ananyamaza na kuacha kumeza. Kila mmoja humeza mbele yangu, nami naweka sahihi kwenye daftari. Wenye selimundu nawauliza pia kama wamevaa soksi na kama wamekunywa maji, kwa sababu baridi ya Julai huku kwetu huwaamsha na maumivu ya mifupa.

Wenye pumu hawamo katika foleni hiyo. Kanuni yetu inasema dawa zote zikabidhiwe kwangu isipokuwa pampu ya pumu, ambayo inakaa mfukoni mwa mwenyewe, kwani kifua kikibana usiku hakisubiri nitafute funguo. Bado kila muhula yupo mwalimu anayeikamata katika ukaguzi kama amekamata simu.

Saa moja hadi saa nne

Vichwa, mafua, kidonda cha goti, na mmoja aliyekimbia zamu ya usafi. Wawili walikuwa na maumivu ya hedhi, nikawarudisha jikoni wamalize uji kwanza, kwa kuwa ibuprofeni haimezwi tumbo likiwa tupu.

Saa nne na robo

Baba mmoja aliingia na mfuko mweusi wa nailoni. Binti yake alikuwa ameazima simu ya mwalimu Jumapili, akamwambia tumbo linamuuma, kichwa kinamuuma, mwili umechoka. Baba akaenda duka la dawa, akazieleza dalili hizo za mtu ambaye hakuwepo, akauziwa tiba ya taifodi na UTI kwa pamoja. Aliyaweka mezani yote: bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa 1x3 na 2x2 bila jina la mgonjwa wala la dawa, vipande vya pakiti za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi kiasi kwamba tarehe ya kuisha muda imebaki dukani, na chupa ya nusu lita yenye mchemsho wa kahawia aliosema ni wa bibi yake mtoto.

“Baba, karibu ukae,” nilimwambia. “Una cheti cha daktari?”

“Sista, sikuja kuomba. Nimekuja kumpa mwanangu dawa. Mimi ndiye ninayemlipia ada, na nyie hapa kazi yenu ni Panadol tu.”

Nilimweleza kwamba siwezi kupokea dawa isiyo na jina la mtoto, kipimo na cheti, kwa sababu nikimpa ikamdhuru, hospitali itaniuliza amemeza nini, nami nitakuwa na bahasha ya 1x3. Hakunisikiliza. Alimpigia mkuu wa shule, mkuu akanipigia mimi, nikarudia maneno yaleyale, naye baba akayasikia kwa mara ya pili na kukasirika zaidi. Wakati huo kwenye benchi alikuwa ameketi binti wa kidato cha tatu aliyerudi kutoka Geita, anatetemeka ndani ya masweta mawili, nami nilimtoboa kidole na kuweka kipimo cha malaria dirishani huku nikiendelea kukaripiwa. Majibu hayasomwi kabla ya dakika 15. Baba alizitumia zote.

Hatimaye nilifungua daftari mbele yake. Fomu ya afya ya kujiunga na shule, aliyoisaini yeye mwenyewe, inasema binti yake aliwahi kutibiwa vidonda vya tumbo. Na katika vile vipande vilivyokatwa, kimoja kilikuwa kimebakiwa na herufi za kutosha kuonyesha kwamba ni diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo mtu wa vidonda vya tumbo huepushwa nayo. Tulimwita binti. Kumbe haendi kula uji kwa sababu una uchachu, na usiku tumbo linawaka. Baba alinyamaza, akauliza kituo cha afya kiko wapi. Niliandika barua ya rufaa, mwalimu wa zamu akasaini ruhusa, wakaondoka pamoja na mfuko wao.

Kipimo cha binti wa Geita kilikuwa na mistari miwili, yaani ana malaria. Mkoa wetu una malaria kidogo sana, kwa hiyo wiki za mwanzo wa muhula huwa nawauliza wenye homa walikolala likizo kabla ya kuwauliza kingine chochote. Ana uzito unaozidi kilo 35, basi anastahili vidonge 4 vya dawa mseto ya malaria (ALu) kwa kila dozi: vya kwanza saa sita mchana, vya pili zikishapita saa 8, kisha kila baada ya saa 12 mpaka vitimie 24. Dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta, na chakula cha siku hiyo kilikuwa ugali na maharage ya kuchemsha. Nilimbembeleza mpishi hadi akatoa kikombe cha maziwa ya walimu.

Mchana

Sikumbuki vizuri mpangilio wake. Nilikula nikiwa nimesimama. Baba alirudi jua likiwa limeinama, na cheti kinachoonyesha bakteria wa vidonda vya tumbo, na maboksi matatu yenye jina la binti: omeprazo, amoksilini na klarithromaisini, mara mbili kwa siku kwa siku 14. Hakuomba radhi. Aliuliza tu kama uji unaweza kubadilishwa, swali ambalo hata mimi nimekuwa nikiliuliza.

Usiku, wakati wa prepo (kujisomea)

Binti wa Geita alimeza dozi ya pili saa mbili, nikakaa naye nusu saa, kwa kuwa akitapika ndani ya muda huo dozi hurudiwa. Hakutapika. Dozi ya tatu ni saa mbili asubuhi, katikati ya jaribio la kemia, na ED, yaani ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa, binti ameikataa kabisa. Nimemwarifu mwalimu wa kemia kwamba nitaingia na vidonge 4 na kikombe cha maziwa. Amejibu kwamba hakuna kikombe kitakachoingia katika chumba chake cha mtihani. Mpishi naye bado hajakubali kutoa maziwa mengine.