Boksi la majani ya chai

Jana jioni binti yangu aliegemeza rula ndefu kwenye vitabu viwili, akawa anakisukuma kigari chake kiipande. Kila kikifika pale rula inapogusa meza, pua inagota. Akaniita: "Baba, mbona kinagoma mlima haujaanza?"

Sikumjibu mara moja. Swali hilo tuliwahi kuwa nalo mimi na mzee wangu, Muheza, juu ya meza niliyokuwa naundia reli ndogo ya mfano.

Meza yenyewe ni plaiwudi nzima, futi nane kwa nne, na reli za milimita 9 ambazo kwa kipimo cha 1 kwa 87 zinawakilisha njia ya sentimita 75. Nilikuwa naunda reli ya Sigi, ile ya Wajerumani iliyotoka Tengeni kufuata magogo chini ya Amani. Njia ile ilipanda kwa kwenda mbele, kisimamo, kisha kinyumenyume, maana milima ya Usambara haikuipa nafasi ya kuzunguka. Mimi niliiacha zigizaga. Nikachora kona moja kubwa, reli ipande na kupita juu ya nyenzake. Ili treni ya chini ipite bila kugusa nilihitaji kimo cha sentimita 6, nikakitafuta ndani ya mita moja na nusu. Mwinuko wa asilimia 4. Kwenye karatasi hesabu ilikaa.

Jumapili ya majaribio nilifunga mabehewa manne. Kichwa kikaenda vizuri mpaka mguuni pa mlima, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, ndoano ya behewa la kwanza ikachomoka. Nikarudia, ikachomoka tena. Nikabakiza mabehewa mawili. Safari hii kikapita, kikaingia kwenye kona, na humo magurudumu yakawa yanazunguka palepale, yanalia kama nyuki ndani ya chupa.

Mzee alikuwa barazani. Alikuwa mnyapara wa genge la njia kwenye reli ya Tanga mpaka anastaafu, na kwa miezi yote ile meza yangu alikuwa anaipita tu. Siku hiyo akaingia, akavua kofia, akapiga magoti mwisho wa meza. Akalaza shavu kwenye plaiwudi, akafumba jicho moja, akaitazama reli kwa urefu wake. Akakaa hivyo. Niliona unga wa msumeno umemshika kwenye ndevu nyeupe, na kila akishusha pumzi, ule uliobaki mezani unasogea kidogo, unarudi. Nje mvua ilikuwa inaanza kugonga bati. Hakuinuka.

"Hapa," akasema, akipagusa kwa ukucha, "umeivunja mgongo."

Akaomba mkasi na boksi la majani ya chai. Akalikata vipande vyembamba, vya upana wa kidole, chumba kizima kikanukia chai. Akaing'oa reli yangu taratibu, taruma kwa taruma, vile vibao vinavyobeba reli, akaanza kupanga vipande chini yake kila baada ya sentimita 10 hivi: kimoja, vitatu, sita, kumi, kumi na tano, ishirini na kimoja. Boksi la kwanza halikutosha. Kila hatua aliongeza kipande kimoja zaidi ya alivyoongeza nyuma yake, na kalamu hakuigusa. Nilipokuja kupima, kila kipande kilikuwa na unene wa nusu milimita. Maana yake mlima ulianza kwa nusu asilimia, ukakua kwa nusu nyingine kila hatua, ukafika asilimia 3 bila treni kushtuka.

"Na kona nayo ni mlima uliolala," akasema.

Hilo nimelikuta baadaye kwa waunda reli ndogo: gawanya 80 kwa nusu kipenyo cha kona kwa sentimita, utapata asilimia ambazo kona inaongeza. Yangu ilikuwa ya sentimita 40, ikaongeza 2 juu ya 4 zangu. Kumbe nilikuwa nimekidai kile kichwa kidogo kipande asilimia 6.

Kazi iliyobaki ilichukua wiki mbili, na stesheni ya juu nikaitoa kabisa ili mlima upate urefu. Mabehewa manne yakapanda. Mzee aliyaangalia yakizunguka mara tatu, ndipo akauliza kwa nini nimeiacha njia ya Sigi yenyewe. Nikamwambia nafasi haitoshi.

"Wao walikuwa na nafasi gani?"

Akavaa kofia akatoka. Nilidhani tutaendelea na mazungumzo yale siku nyingine. Hakuiona Ramadhani iliyofuata, na meza mpaka leo ina kona.

Binti alikuwa bado ananitazama. Nikaenda jikoni, nikamimina majani ya chai kwenye kopo, nikamletea boksi na mkasi. Kipande cha kwanza nilimwekea mimi. Vitatu akaweka mwenyewe. Kwenye sita akasimama, akahesabu kwa vidole, akasema, "Sasa ni kumi, eh?"